Baba Amekubali Kula Kilicholala

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha mbele, mezani kwake.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kitinda,

Pokea kwanza salamu, ingawa kazini kwangu tumefundishwa kuanza na habari na kuziacha salamu nje ya mlango. Hujambo wewe? Yale mafua yaliyokufanya uongee kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa yameisha? Na miguu, baada ya zile zamu za wodini? Mwenzako wa chumbani bado anaimba bafuni? Natumaini unakula vizuri na unalala unapopewa nafasi ya kulala. Mwanafunzi wa uuguzi akianguka yeye, wagonjwa watamcheka.

Sisi huku wazima. Baba mzima. Narudia, kwa sababu najua jicho lako limeruka mistari yote ya juu kulitafuta neno hilo: Baba mzima, yuko kwake, na hahami.

Ningekupigia simu, lakini simu zetu hukatika kila tunapofika penye maana, na habari hii haifai kupokewa vipande vipande. Basi nimekaa kwenye meza ya Baba, mwenyewe anasinzia kitini na redio inamsemea peke yake, nikaona niandike.

Nianzie pale ulipoachia. Alipoanguka mara ya pili, asubuhi, mbele ya lile jengo linalojengwa mwisho wa mtaa, tulikaa kikao: mimi, Baba Mdogo na Shangazi. Daktari wa kliniki ya sukari alikuwa ameshatueleza. Kisukari cha Baba hakijawa kibaya. Kibaya ni mazoea yake. Ile dawa ya asubuhi inashusha sukari, na yeye alikuwa anaimeza juu ya chai ya rangi, tumbo tupu, kisha huyoo, ametoka. Sukari inashuka, naye anashuka nayo. Daktari akatupa nafasi mpaka kliniki ijayo. Kama hataanza kula kabla ya dawa, asiishi peke yake. Kikao kikakata shauri kwamba ikifika hapo atahamia kwa Baba Mdogo na nyumba itafungwa. Wewe uliposikia, ukasema utaacha chuo urudi umtunze.

Baba alijibu kikao kwa sentensi moja. "Nyumba hii nimeimwagia msingi mwenyewe, nitatoka humu nikiwa nimebebwa."

Shangazi akamwambia, "Kaka, juzi umebebwa tayari."

Hakuna aliyecheka, isipokuwa Shangazi mwenyewe.

Unamjua Baba. Amestaafu kazi ya zege lakini zege halijamstaafu yeye. Kila asubuhi lazima awahi kwenye lile jengo kabla vijana hawajaanza kuchanganya, asimame na mikono nyuma, awaambie kokoto zao ni chafu. Hakuna aliyemwajiri. Hakuna anayethubutu kumfukuza pia. Ndiyo maana hakuwa na muda wa kula. Jiko la gesi tulishamwondolea baada ya kuunguza sufuria mpaka ikatoboka, akabaki na birika la umeme la chai. Mkate mkavu meno yake hayautaki. Yule mama tuliyemtafuta aje kumpikia asubuhi, Baba alimkaribisha kiti, akamnywesha chai, akamsindikiza kwa heshima zote hadi barabarani, akamwambia asisumbuke kurudi. Mimi naishi ng'ambo ya pili ya mji na zamu zangu za asubuhi unazijua. Jioni naweza kufika kwake. Asubuhi siwezi.

Kwa hiyo nilichohitaji ni chakula kinachotengenezwa jioni, kisichotaka moto, kisichotaka meno, na kisichotaka mtu wa kumsimamia. Nilikiona kwenye gari la ofisi. Mpigapicha wetu, tunayemwita Flashi, alikuwa amekaa kiti cha mbele anachota kitu cheupe kizito kutoka kwenye chupa ya jamu.

"Unakula nini hicho, plasta ya ukuta?"

"Oti, dada, ile nafaka ya uji wa kizungu. Nimelowesha jana, nimeweka kwenye friji, zimelala. Asubuhi nafungua tu."

"Hukuzipika?"

"Friji ndiyo imenipikia."

Nikaonja. Sikutarajia, lakini ni kitamu. Nikamhoji kama ninavyohoji waziri, na majibu yake yalikuwa mafupi na ya kweli kuliko ya waziri yeyote.

Nakuandikia na wewe jinsi ya kutengeneza, maana kwa zamu zako kitakufaa. Chukua oti zile bapa za kwenye pakiti, nusu glasi. Zile punje nzima ngumu usichukue, utatafuna mpaka Krismasi. Weka chumvi kidogo mno, mdalasini wa kuchota kwa ncha ya kijiko, na karanga zilizotwangwa ukipenda. Mimina maziwa kiasi cha kuzifunika na kupita kidogo, kisha mtindi kijiko kimoja kikubwa, ambao ndio unaoleta ladha na ule uzito mzuri. Koroga mpaka chini, kwa sababu oti hupenda kujificha kwenye kitako cha chupa. Funika, weka kwenye friji, nenda zako. Asubuhi zitakuwa zimekunywa maziwa yote na kulainika. Kata nusu ndizi mbivu juu yake, ule. Kama ni nzito, ongeza maziwa. Wewe unaweza kutia asali. Baba hapana, na nilimuuliza daktari kuhusu kila kitu kabla ya kukitia, hata ndizi.

Jioni ya kwanza nilimwekea Baba chupa yake kwenye friji, ndizi pembeni, kijiko juu, dawa kando ya kijiko. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo lililopaswa kunitia wasiwasi.

"Kwa hiyo unataka nile kiporo."

"Si kiporo, Baba. Kiporo kimepikwa jana. Hiki hakijapikwa."

"Hakijapikwa na tayari kimelala! Mwanangu, miaka yangu yote nimewaambia watu zege halilali. Leo wewe unaniletea lililolala kwenye chupa."

Lakini asubuhi nilipompigia simu alisema amekula. Jioni nilipofika, chupa ilikuwa tupu, imeoshwa, imepinduliwa juu ya kitambaa. Kesho yake hivyo hivyo, na siku zilizofuata. Nikamwambia Baba Mdogo mambo yamenyooka. Hata wewe nilikutumia ujumbe, unakumbuka, na ukanijibu kwa vicheko.

Sasa sikiliza. Mimi ni mtu niliyekula mshahara wa kuuliza "umejuaje?" tangu wewe ukiwa shule ya msingi. Na nikaichukua chupa tupu kuwa ushahidi kwamba mtu amekula.

Wiki hiyo hiyo msimamizi wa lile jengo alinipigia simu nikiwa kazini. Alisema Mzee ameketi juu ya mfuko wa saruji, anatoka jasho jingi na mikono inamtetemeka, na maneno yake hayaungani. Walimpa soda wakampepea kwa kofia. Nilipofika alikuwa amepata nafuu na anawagombeza kwa kumkalisha kwenye saruji, kwamba mfuko ukikaliwa unaganda. Vijana wanne walikuwa wamemzunguka, wamesahau kazi, nyuso zimewakauka. Sikukuandikia siku ile. Nilijua ungepanda ndege.

Njiani kurudi nyumbani nikamuuliza kama alikula. Akasema alikula. Nikamuuliza mara ya pili kwa namna nyingine. Akajibu vile vile, neno kwa neno, na mtu anayejibu neno kwa neno mara mbili huwa amejiandaa.

Jirani yetu mshonaji ndiye aliyenipa fununu bila kujua. Nilikutana naye getini na futi yake shingoni. "Dada, kuku wangu siku hizi wamepata kazi kwenu. Kukipambazuka tu, wote kwa Fundi baba yako, wamejipanga. Na wananenepa! Mnawalisha nini?"

Kesho yake nikabadilishana zamu na mwenzangu, nikaja alfajiri bila hodi, nikapita nyuma. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Baba ameinama na chupa mkononi, anakwangua kwa kijiko, kuku wa mshonaji miguuni pake wanagombana.

"Taratibu, taratibu, kila mtu atapata," anawaambia. "Kuleni, wanangu. Haya ni mambo ya mwandishi wa habari."

"Baba."

Hakushtuka. Alimalizia kukwangua kwanza. "Umekuja na mpigapicha au uko peke yako?"

Kitinda, nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilitaka kumwambia kuhusu daktari, kuhusu nyumba kufungwa, kuhusu wewe kuacha chuo. Badala yake nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza jioni ile ya kwanza.

"Kina kasoro gani?"

"Maji mengi," akasema papo hapo, kama mtu aliyengoja aulizwe. "Kinateleza. Hukuchanganya kavu kwanza, umemimina maziwa juu ya rundo, chini kuna madonge, juu kuna supu. Mchanganyiko wa namna hiyo mimi ningemrudishia kibarua." Akaniangalia. "Na unaniwekea kijiko na dawa kama mgonjwa wa wodi."

"Basi changanya mwenyewe."

"Nipe vitu."

Asubuhi ile nilimkalisha akala ndizi na mtindi mtupu mbele yangu, ndipo akameza dawa. Nikamwambia na lile la wewe kuacha chuo, ambalo tulikuwa tumemficha. Akaacha kutafuna. Akauliza umebakiza muda gani kumaliza. Nikamwambia. Akasema, "Hapana," kisha akakwangua bakuli.

Jioni nilimkuta amesharudi kutoka dukani na chupa mpya yenye mfuniko wa kukaza, maana ya kwangu aliiona inavuja. Alivaa miwani. Alimwaga oti kwenye bakuli pana, akatia chumvi, mdalasini na karanga, akavigeuza vikiwa vikavu, kutoka pembeni kwenda katikati, mpaka rangi ikawa moja. Akafanya shimo katikati. Akamimina maziwa shimoni kidogo kidogo huku anafukia, mtindi mwisho. Kisha akachota kijiko, akakigeuza juu chini. Mchanganyiko ukang'ang'ania kijiko kidogo, ukadondoka kwa uvivu.

"Hapo," akasema. "Hapo unaweza kujenga."

Akajaza chupa, akaigongagonga mezani kutoa hewa, akakaza mfuniko, akaweka kwenye friji. Akanikataza kuifungua kuangalia. Mchanganyiko uliomwagwa hauguswi.

Asubuhi nikampigia simu. Akasema: "Nimekula."

"Umekula nini?"

"Nimekula nilichotengeneza."

"Kilikuwaje?"

"Kilikuwa kama uji wa hospitali."

Nikashangaa, kwa sababu nilikiona kwa macho yangu kikiingia kwenye friji na kilikuwa kizuri kuliko changu. Nikamuuliza kama alikigusa. Akasema hakugusa. Nikamuuliza kama alikifungua. Akasema alifungua kidogo tu, alipoamka, alipokwenda kukimwagilia.

"Kukimwagilia?"

"Maji. Kikombe kimoja. Kitu kimemwagwa jana jioni, asubuhi lazima ukimwagilie kisipasuke. Hata mtoto anajua."

Nilikuwa kwenye ngazi za jengo la mahakama, nasubiri kesi ianze. Nilicheka mpaka askari wa mlangoni akaja kuniuliza kama niko salama. Baba upande wa pili alikasirika, halafu nikasikia na yeye ameanza, kile kicheko chake cha puani.

"Na umekula hivyo hivyo?" nikamuuliza.

"Sasa? Kosa la mwingine namwagia kuku. La kwangu nalila."

Kuanzia siku hiyo hajamwagilia tena, na hajakosa. Ila hakukubali kula jikoni peke yake kama mfungwa, maneno yake hayo. Anabeba chupa na kijiko mfukoni, dawa kwenye mfuko wa shati, anakwenda kwenye jengo. Vijana wanamwekea ndoo iliyopinduliwa. Anakula wao wakivaa mabuti, anameza dawa, ndipo anaanza kuwatukania kokoto zao. Wamekiita chakula chake "zege la Mzee". Wawili wameshamuuliza anavyochanganya. Mmoja, yule mrefu mwenye pengo, alileta chake na Baba akakikagua, akamwambia akarudie.

Mimi niliendelea kuuliza. Safari hii sikuuliza chupa. Nilimpigia msimamizi wa jengo kila nilipopata nafasi.

"Mzee amekula?"

"Amekula, dada, amemaliza, na ametuambia ukuta wa choo umepinda."

"Umepinda kweli?"

"Umepinda."

Ijumaa ilikuwa kliniki. Nilikwenda naye, na Baba Mdogo akaja pia, kwa sababu uamuzi ulikuwa wa kikao na kikao kilitaka kuwa na macho yake pale. Ukumbi ule unaujua, viti vya chuma na mlango unaolia. Baba alivaa shati la harusi ya Shangazi. Alikaa anaangalia sakafu, na mara hii hakuikosoa, ndipo nikajua kwamba anaogopa. Mimi pia niliogopa. Nimesubiri matokeo ya uchaguzi, hukumu na maiti kutambuliwa, na nilidhani kusubiri nimekuzoea.

Daktari aliangalia vipimo vya siku ile, akaangalia vile Baba alivyopimwa na nesi wa zahanati wiki zilizopita, akavirudia. Akamuuliza anakula nini asubuhi. Baba akamweleza. Akamweleza vyote, Kitinda: kavu kwanza, shimo katikati, kijiko kugeuzwa, mpaka kugonga chupa. Foleni nje ilikuwa inanung'unika. Daktari hakumkatiza. Alipomaliza akasema, "Sukari yako ya asubuhi imetulia, Mzee. Haishuki tena. Dawa nakupunguzia kidogo kwa tahadhari. Endelea hivyo hivyo."

Baba akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijaizoea, "Niendelee wapi?"

Daktari hakumwelewa. Mimi nikamfafanulia kwamba anauliza kama anaweza kuendelea kuishi kwake.

"Kwako, Mzee. Kwani ulitaka kwenda wapi?"

Baba Mdogo ndiye aliyeshusha pumzi kwa nguvu kuliko sisi wote. Nje akanivuta pembeni. "Mwanangu, kaka ni kaka, chumba nilikuwa nimeshamwandalia na kitanda nimenunua. Lakini nakuambia kweli, nimepona leo. Wiki moja tu kwangu angeshabomoa bafu akidai halina mteremko."

"Lina mteremko?"

"Halina. Ndiyo maana nasema."

Basi hiyo ndiyo hali. Nimeihakikisha kwa daktari, kwa msimamizi wa jengo, kwa mshonaji, ambaye analalamika kuku wamekonda, na kwa macho yangu mwenyewe. Sisemi Baba hatazeeka wala hataugua. Nasema sababu iliyotaka kukutoa chuoni haipo. Ile barua ya kuacha masomo uliyosema hujaipeleka, ichane leo. Soma, fanya mitihani yako, vaa hiyo sare mpaka wakupe cheti.

Kuhusu mengine ni machache. Bomba la uani limetengenezwa. Chumba chako kiko vile vile, ila Baba ameweka ndani magunia mawili ya mchanga ambayo hataki kueleza ni ya nini. Mimi kazini nipo, wamenipa mwanafunzi wa kufuatana naye na ninampenda kwa sababu haulizi mambo mara mbili. Kichwa hakiniumi tena jioni. Nilikuwa sijui kama kilikuwa kinauma kwa ajili ya hili mpaka kilipoacha.

Shangazi anakusalimu sana, anasema unenepe. Baba Mdogo na mkewe wanakusalimu, na watoto wao wote. Mshonaji anauliza vipimo vyako kama bado ni vile vile, nimemwambia sijui, ujibu mwenyewe. Flashi anakusalimu ingawa hamjaonana, kwa kuwa nimemwambia amekusaidia. Nisalimie mwenzako wa chumbani na walimu wako.

Nilimuuliza Baba kama ana neno la kukutumia, kabla hajasinzia. Akafikiri. Akasema nikwambie usome. Nikamwambia hilo nimeshaliandika. Akafikiri tena, macho yamefumba, nikadhani amelala.

"Mwambie akija, aje kula," akasema. "Asije kunilisha."

Mungu akulinde zamuni na njiani, akupe wagonjwa wapole na walimu wenye subira, akurudishe kwetu kwa wakati wako, bila kuitwa na baya.

Wako akupendaye,
Dada Mkubwa